Kibuyu Alichoniposea Fidele

"Mama, hii alama hapa shingoni ni ya nini?"

Nilikuwa nimeshika kibuyu kipya cha manjano, ndani ya duka la vitu vya asili pale Gitega, Burundi. Mwenye duka, mama mchangamfu aitwaye Niyubahwe, alikuwa anatufungia vikapu vile vya mifuniko mirefu yenye ncha. Tulikuwa tumevuka mpaka kuja kuvinunua ili tuwape wageni wa harusi yetu. Mchumba wangu Fidele, mwenye duka la vitu vya asili kule Kasulu, alikuwa nje anaongea na simu.

"Hiyo ni alama yangu," mama Niyubahwe akajibu. "Mistari mitatu na nukta moja. Naichoma mwenyewe kwa msumari wa moto. Nilianza mwaka juzi, watu walizidi kuiba kazi yangu na kusema ni yao."

"Mwaka juzi? Una hakika?"

"Ego, ndiyo! Mkono huu huu. Kwani vipi?"

Nilikigeuza kibuyu nikaitazama ile alama tena. Mistari mitatu na nukta moja, mahali pale pale, nilikuwa nimeiona kwenye kibuyu kingine. Kibuyu cheusi, kikongwe, kilichokuwa nyumbani kwetu Kitahana, Tanzania, kwenye meza ndogo karibu na kitanda cha baba yangu. Fidele ndiye aliyekileta siku aliyokuja kuniposa, miezi minne nyuma.

"Bwana wako ni mteja wangu mkubwa," mama Niyubahwe akaendelea huku akikaza kamba. "Kila mwezi vibuyu ishirini, thelathini. Tena anataka vipya tupu. Nikimpa kilichoshika moshi anakikataa. Anasema atavizeesha mwenyewe."

"Anavizeesha vipi?"

"Mama Niyubahwe!" Fidele aliingia ghafla, simu bado mkononi. "Unamjaza mke wangu maneno? Tufungie mzigo bwana, tutakuta mpaka umefungwa."

Alicheka. Mama Niyubahwe naye akacheka. Mimi nilikirudisha kibuyu kwenye rafu taratibu.

Ngoja niwaeleze kibuyu kile kilikuwa na maana gani kwetu.

Mwaka sabini na mbili, bibi yangu Ndayikunda alikimbia vita Burundi akiwa na watoto wawili. Baba yangu, mzee Felisiani, alikuwa na miaka sita, anatembea kwa miguu. Shangazi yangu alikuwa bado ananyonya, na hofu ilikuwa imemkausha bibi maziwa. Basi bibi akamfunga mtoto kifuani na kibuyu cha maziwa mgongoni, akawa anachovya kidole na kumlambisha mtoto njia nzima. Walipovuka mto Malagarasi bibi aliteleza. Kibuyu kikapasuka kwenye mawe. Mtoto akafa siku ya pili yake, upande huu wa Tanzania.

Hadithi hiyo baba aliisimulia mara moja tu maishani mwake. Na mimi niliisimulia kwa mtu mmoja tu. Fidele. Ulikuwa mwezi wa kwanza wa uchumba wetu, nililia begani kwake, naye akalia pamoja nami.

Siku ya posa alikuja na mshenga wake, mzee Pasikali, wakiwa wamebeba kibuyu cheusi kilichofungwa kwenye kitenge. Fidele akapiga magoti mbele ya baba.

"Data," akasema, akimwita baba kwa Kirundi, "sina ng'ombe wengi. Lakini nina kitu hiki. Bibi yangu alivuka nacho Malagarasi mwaka sabini na mbili. Nakuomba unywee maziwa humu, uwe baba yangu."

Baba yangu, mtu asiyelia hata msibani, alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, na machozi yakadondokea humo humo ndani. Akawapa shangazi zangu waliozaliwa huku Tanzania, wakanywa. Nikanywa na mimi. Niliamini Mungu alikuwa ametukutanisha: bibi wawili, njia moja, vibuyu viwili, kimoja kikavunjika na kimoja kikafika.

Sasa tulikuwa mpakani Mabamba tukisubiri kugongewa mihuri, na mimi nimekaa juu ya furushi la vikapu.

"Fidele, kile kibuyu cha bibi yako kina alama ya yule mama."

"Alama gani?"

"Mistari mitatu na nukta. Anasema ni yake, ya mwaka juzi."

Alinitazama kidogo, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Ima mpenzi, wale mafundi wote wanaiga alama za kale. Ameiona mahali akaipenda. Sasa wewe unamwamini muuza vikapu kuliko mimi?"

"Na kuzeesha je?"

"Kuvipaka mafuta kidogo viwe na mng'ao. Biashara hiyo. Acha mawazo, harusi ni wiki tatu."

Nilimpenda, jamani. Mtu ukimpenda unajitafutia mwenyewe sababu ya kumwamini.

Lakini usingizi uligoma. Nikafikiri yote, na fikra zikaniangusha pale zinapotuangusha wanawake wengi: kuna mwanamke. Huo mzigo wa kila mwezi ni kisingizio. Alhamisi nikafunga cherehani yangu mapema, nikapanda gari la Kasulu bila kumwambia.

Nilipofika mbele ya duka lake nilikuta limefungwa. Simu ikaita mlio wa ujumbe.

"Mpenzi niko Kigoma mjini nafuata mzigo. Mtandao unasumbua, ntakupigia jioni. Ndagukunda, nakupenda sana."

Nikausoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya duka lake. Jirani ni gereji ya pikipiki. Fundi, kijana wa Kiislamu anayeitwa Nurudini, ananijua.

"Shemeji, karibu! Unamtafuta Fidele?"

"Ameenda Kigoma, sivyo?"

"Kigoma wapi? Yuko uani hapo nyuma. Sasa hivi nimempa galoni ya oili chafu."

"Yuko peke yake?"

Nurudini akakuna kichwa. "Mmh, kule nyuma shemeji sijawahi kumwona mtu akitaka kuingia."

Nikazunguka. Kulikuwa na geti la mabati. Nilimsikia Fidele akipiga mluzi. Nilijiandaa kwa mwanamke, hata maneno ya kumwambia nilishayapanga. Nikasukuma geti.

Natamani ningemkuta mwanamke.

Harufu ndiyo ilinipokea. Lilikuwepo shimo la upana wa kitanda, limejaa samadi mbichi iliyokorogwa na mkojo wa ng'ombe na ile oili chafu ya pikipiki, inang'aa juu kama ngozi. Nzi walikuwa wengi hadi unasikia mvumo. Ndani ya uchafu ule zilichomoza shingo za vibuyu, kumi au kumi na mbili. Fidele, suruali imekunjwa, kitambaa puani, alikuwa anakichovya kimoja na kukigeuza kwa mkono mtupu, uchafu unaingia mdomoni mwa kibuyu, ndani kabisa, kisha unatoka ukitiririka.

"Fidele."

Mluzi ulikatika.

"Ima? Wewe... umefikaje huku?"

"Unafanya nini?"

"Ni kazi tu. Vikikaa wiki mbili humu, ukivisugua na majivu, vinaonekana vya miaka hamsini. Wageni wa mashirika wanavigombea, Ima. Hakuna anayeumia."

"Na kile cha baba yangu?"

Alikizamisha tena kile kibuyu.

"Fidele, nakuuliza. Kile tulichonywea maziwa. Kilitoka humu?"

"Nilikiosha," akasema.

"Nini?"

"Nilikiosha kwa sabuni ya unga. Mara mbili. Na maji ya moto."

Nilishika ukuta nikatapika. Nilitapika chai, nikatapika maji, nikaendelea kutapika pasipo na kitu. Yeye akaja kunishika mgongo kwa mkono ule ule.

"Usiniguse!"

Nikarudi nyuma hadi kwenye meza iliyokuwa barazani. Juu yake kulikuwa na kadi zilizochapwa vizuri, zina uzi wa kufungia bidhaa. Nikaichukua moja ili nifute mdomo. Macho yakaona maandishi.

"Kibuyu hiki kilivuka Malagarasi mwaka 1972 mgongoni mwa mama mkimbizi. Alimfunga mwanawe kifuani, akimlambisha maziwa kwa kidole njia nzima."

Niliyasoma mara mbili. Kwa kidole. Siku ya posa hakuitaja habari ya kidole, kwa kuwa alijua tungeshtuka. Aliihifadhi kwa ajili ya wateja.

"Huyu ni bibi yangu," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Fidele, huyu ni bibi Ndayikunda. Nilikwambia nikilia."

"Sikuandika jina."

"Ulikuwa unalia na mimi huku unakariri?"

"Sivyo, Ima! Nisikilize..."

"Yule mtoto alikufa, Fidele. Umemfunga kwa uzi kwenye kibuyu cha mavi."

Nikaondoka na kadi ile mkononi. Alinifuata hadi getini, akarudi kunawa. Nilipofika stendi zilikuwa zimeingia simu kumi na moja ambazo sikupokea.

Jioni ile ile nilimweleza baba. Nilitaka kupunguza, nikashindwa. Nilimsomea kadi. Aliinuka akaingia chumbani, nikasikia anatema mate nje ya dirisha, anatema, anasukutua, anatema tena, kana kwamba alikunywa maziwa yale asubuhi ile. Kisha akatoka na kibuyu amekishika kwa gazeti.

"Kitupe chooni," akasema. "Mimi nilikuwa nakifuta vumbi kila siku."

Hakula siku ile.

Jumamosi Fidele alikuja na mzee Pasikali. Mzee wa watu alikuwa amejikunja kwa aibu, hata kiti alikikalia ukingoni.

"Mzee Felisiani," akaanza, "mimi nilidanganywa kama ninyi. Nimemwambia kijana aseme mwenyewe."

Fidele alikuwa amepiga magoti pale pale alipopiga siku ya posa.

"Data, ni makosa ya biashara..."

"Biashara?" baba akamkatiza. "Mama yangu ni biashara?"

Fidele akainamisha kichwa. Aliposema tena, lile tabasamu na ile lugha tamu vilikuwa vimemwishia.

"Mimi sina bibi. Nimelelewa kambini, nyumba hii wiki moja, nyumba ile mwezi. Jina la mama yangu nililisoma kwenye karatasi ya chanjo. Ima aliponisimulia, niliona wivu. Nikatamani bibi huyo awe wangu. Nikaanza kumsimulia kwa wateja kama wangu, wakawa wananisikiliza, Data. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nikazoea."

Shangazi yangu mmoja alifuta macho.

"Ungeniomba," baba akasema hatimaye, polepole. "Mwanangu, ungekuja ukaniambia huna bibi, ningekupa mama yangu awe wako. Ningekusimulia hata ambayo Immakulata hayajui. Sasa umemwiba, ukamtia kwenye samadi, ukanirudishia nimnywe."

"Nisamehe, Data."

"Nimekusamehe. Zichome zile kadi. Ukibakiza hata moja, Mungu anakuona."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Mzee Pasikali alitangulia kutuachia nafasi.

"Data amenisamehe," Fidele akasema.

"Nimesikia."

"Na wewe?"

"Na mimi nimekusamehe."

Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono. Ulikuwa mkono safi, unanukia sabuni, kucha zimekatwa. Nilijikaza niuache pale. Nilimhurumia, naapa, na sehemu yangu kubwa ilikuwa bado inampenda. Lakini tumbo likapanda hadi kooni, nikauchomoa mkono na kuinama pembeni ya barabara.

"Ni hasira, Ima. Itaisha. Nitasubiri."

"Ingekuwa hasira ningekwambia usubiri."

"Sasa ni nini?"

"Kinyaa. Ukiniambia neno lolote tamu, nitajiuliza utaliuza wapi. Nikizaa, nikaumwa, nikafiwa, utakuwa unanitazama huku unakariri. Siwezi kulala na mtu wa hivyo, Fidele. Siwezi hata kula naye."

Alisimama akinitazama. Nadhani alingoja nilie. Nilipokosa kulia, akaenda zake.

Usiku aliandika, "Nimezichoma zote. Nimefukia shimo. Naanza upya, hata kama ni bila wewe." Nikamjibu, "Heri." Nikaifuta namba yake.

Majina yetu yalikuwa yameshatangazwa kanisani mara mbili. Jumapili ile ilikuwa zamu ya tatu. Katekista alisoma wachumba wengine wawili, akakunja karatasi. Kanisa zima likageuza shingo. Nilikuwa nimekaa na baba, benchi la tatu, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Hee! Yule kijana wa Kasulu kamwacha?"

Nikageuka.

"Hapana mama," nikamwambia, kwa sauti iliyofika hadi kwenye kwaya. "Nimemwacha mimi."