Kofia ya Ndege Wanne

Elmer alipanga mabakuli manne ya supu, na ndani ya nyumba walikuwa watatu tu.

Zoraida aliliona hilo akiwa bado anahema. Asubuhi alikuwa ameshuka kwenye lori kule bondeni, akapanda kwa miguu kwa muda wa saa tatu nzima kuja kumtembelea mdogo wake, Saturnina, katika kijiji cha Rumicancha, kijiji cha wafugaji wa alpaka, wanyama wa sufu, chini ya mlima wenye theluji.

"Pumua taratibu, dada," Saturnina alimtania. "Mjini mnakaa sana. Hata alpaka wangu mwenye mimba anakupita."

"Alpaka wako hajabeba mikate yenu mgongoni." Zoraida alitua mzigo, kisha akamgeukia mtoto. "Elmer, mwanangu, bakuli la nne la nani?"

Mtoto wa miaka saba hakuinua macho. "La kaka."

Saturnina aliinama akachochea moto.

Kaka yake Elmer alikuwa Rómulo. Miaka miwili nyuma alimfuata alpaka aliyepotea kwenye mvua ya mawe, akateleza akazama katika ziwa lililo juu ya kijiji. Alikuwa na miaka tisa.

Zoraida alimshika Elmer mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na vidole vilikuwa vimekonda mno.

"Ameanza lini kuwa hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wiki ya tatu sasa. Alikuwa akichunga, akaanguka kando ya ziwa, akashtuka. Roho yake ikabaki kule. Nilikwenda kuiita, dada, kama tunavyofanya siku zote. Nilipunga kofia yake juu ya maji, nikaita, nikarudi nayo bila kugeuka nyuma, nikamvika. Angepaswa kuamka asubuhi akidai viazi. Badala yake anakwisha tu."

Saa tisa alasiri ukungu ulipanda. Kwanza uliziba ziwa, ukaziba majani makavu ya mteremko, kisha ukuta wa mawe ulio juu ya nyumba. Mbwa aliyekuwa amelala karibu na jiko aliinuka akatoka nje kinyumenyume, na Saturnina akafunga mlango. Ikaja harufu ya tope na sufu mbichi. Halafu Zoraida akasikia viatu vidogo vilivyolowa, chap, chap, vikivuka uani bila haraka, vikija kama mtu anayeijua njia, na ingawa mlango haukufunguka vilisikika tena upande huu wa mlango, vikapita nyuma ya mgongo wake, vikasimama kando ya Elmer, na Elmer, bila kuonyesha hofu yoyote, akasogea kwenye ngozi ya kondoo kumpa mtu nafasi, na ngozi ile ikabonyea polepole, na supu ya bakuli la nne ikaacha kutoa moshi, ikafanya juu yake utando mwembamba wa barafu.

"Ana baridi, mama mkubwa," Elmer alinong'ona. "Kila siku ana baridi."

Zoraida alitaka kukimbia. Lakini macho yake yalikuwa yamenasa kwenye kofia ya sufu kichwani mwa mtoto. Kwenye pindo kulikuwa na ndege wanne wekundu, na wa nne hakuwa na kichwa.

"Saturnina. Kofia hii niliifuma mimi. Ndege wa nne nilimkosea, tukacheka wote. Hii ni ya Rómulo."

Saturnina alijifunika uso kwa shali. "Siku ya tano baada ya kifo chake tulifua nguo zake zote mtoni, tukazichoma, kama desturi. Hiyo niliificha. Ilikuwa bado inanukia kichwa chake. Baadaye Elmer akaivaa, nikajiambia sasa ni yake."

"Na kule ziwani uliita jina gani?"

"Sikuita jina. Nilisema, mwanangu, njoo twende nyumbani."

Asubuhi walimwita jirani yao, mzee Eleuterio, mganga. Alimwaga majani ya koka, ya kupigia ramli, juu ya kitambaa, akayatazama, akavua kofia yake mwenyewe.

"Uliyemwita alikuja, binti yangu. Angekataaje? Ameitwa na mama yake, kwa kofia yake. Sasa una mtoto asiye na roho, na roho isiyo na mtoto."

"Ni jini la ziwa hilo?" Zoraida aliuliza.

"Jini ningelifukuza kwa moshi na matusi. Huyu ni mtoto, anajipasha moto kwa mdogo wake. Hana ubaya, lakini atammaliza kabla mwezi haujaandama. Mrudishe kwa jina lake. Kisha umwite Elmer kwa sweta ambayo hakuivaa mwingine. Na usigeuke, hata ukisikia nini."

Walipanda adhuhuri, dada wawili, wakamwacha Elmer nyumbani na mzee. Jua lilikuwa kali, theluji ikiumiza macho, lakini kofia mikononi mwa Saturnina ilizidi kuwa nzito kila hatua, ikaanza kudondosha maji. Ziwa lilikuwa jeusi na tulivu. Saturnina alipiga magoti, akaweka mkate ukingoni, na konzi ya mahindi ya kukaanga aliyoyapenda mwanawe.

"Rómulo," alisema. "Umefika, Rómulo. Mama hawezi kukaa."

Akaiachia kofia majini. Akasimama, akageukia kijiji, akapunga sweta. "Elmer, njoo twende nyumbani. Elmer."

Nyuma yao zilianza hatua. Zilikuwa za watoto wawili. Zilishuka mteremko nao, na ukungu ukashuka pia, na Zoraida aliushika mkono wa mdogo wake mpaka walipoufikia ukuta wa mawe. Hapo hatua za mtoto mmoja zilisimama.

"Mama," sauti ndogo ilisema. "Mimi je?"

Saturnina hakugeuka. Aliita "Elmer" tena na tena, machozi yakimwingia mdomoni, mpaka mlangoni, akaingia akamvika mtoto sweta.

Jioni ile Elmer alikula viazi sita. Alipanga mabakuli matatu.

Wiki moja baadaye Zoraida alifunga mzigo wake. Tangu siku ile Saturnina hakuutazama tena mlima. Hata uani alifanya kazi akiupa mgongo.

"Mama mkubwa, utanifumia kofia nyingine?" Elmer aliuliza.

"Nitakufumia. Na ndege wote watakuwa na vichwa."

Saturnina alimkumbatia dada yake, akamsogezea mdomo sikioni. "Dada," alinong'ona, "ufume mbili."

Zoraida alitazama juu ya bega la mdogo wake. Ilikuwa asubuhi nyeupe isiyo na ukungu. Juu ya ukuta wa mawe, upande unaoitazama nyumba, ilikuwa imetandazwa kofia ndogo ya sufu yenye ndege wekundu, ikidondosha maji.

"Nitafuma," alisema, akazidi kumkumbatia mdogo wake, asije akageuka.