Shati Halijakauka

"Kata hapa juu ya goti, dada. Na mgongo uache wazi kabisa. Huko Costa Rica iko bahari kila upande, nitaficha mgongo kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Biryogo, pini mdomoni, nikikunja pindo la gauni la Madamu Kaliza. Huyu ni mwanamke wa Kiyovu, mtaa wa matajiri, analeta vitambaa kutoka Mombasa kuuza Kigali, na Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori. Niliposikia jina la nchi ile nikatema pini.

"Costa Rica? Madamu, hata mchumba wangu anaenda Costa Rica!"

"Yewe! Kufanya nini?"

"Ofisi yake inampeleka staji, mafunzo ya kazi. Anaenda kusomea kahawa."

"Basi tutamusalimia kule!" Akacheka. "Sisi hatusome kitu. Sisi ni vakansi, mimi na sheri wangu, mupenzi wangu. Hoteli iko na pisini ya kuogelea, ukitoka pisini unaingia bahari. Asubuhi nanasi, jioni muziki. Vita imenichosha, dada. Nataka siku chache nisisikie redio."

Ilikuwa mwaka 1992, na Kigali nzima ilikuwa imechoka na redio. Nikafurahi kwa ajili yake. Mjinga mimi, nikampa na hongera.

"Sasa kitambaa inayobaki," akasema, "shonea na yeye shati ya kufanana na gauni yangu. Kipimo ni hii. Nimeitoa kwake bila kujua. Nataka nimushangaze kwenye ndege."

Akatupa shati la kijani juu ya cherehani. Nikaligeuza kola ili nipime shingo.

Chini ya kola kulikuwa na kitambaa cha zambarau chenye maua meupe.

Siku Swaibu alipokuja kuniposa, nilivaa gauni la kitambaa kile. Kipande kilichobaki nikakishonea chini ya kola ya shati lake la posa, mahali asipoona mtu, ili anibebe shingoni kila aendako. Kumbe alinibeba mpaka chumbani kwa Madamu Kaliza.

Nikaliweka shati chini.

"Huyu sheri wako anaitwa nani, Madamu?"

"Nzeyimana. Anakaa Kabeza, njia ya uwanja wa ndege. Mtu mupole! Masikini, hajapata mwanamke wa maana. Hata tiketi nimemukatia mimi."

Mwanamke wa maana! Swaibu Nzeyimana, mkwe wa mama yangu, ndoa ifungwe baada ya Idi, na mimi sikuwa hata wa maana! Nilitaka kumrukia yule mama na mkasi. Lakini nilipomtazama usoni niliona furaha ya mtu asiyejua lolote, ile ile niliyokuwa nayo mimi muda mfupi uliopita.

"Ijumaa baada ya alasiri njoo ujaribu nguo," nikamwambia. "Lakini uje nyumbani kwetu, nyuma ya msikiti, mlango wa bluu."

Alipoondoka nikaenda dukani kwa jirani yangu Mukantwari, mwenye simu, nikampigia Swaibu ofisini. Nilitaka kumpa nafasi. Angesema ukweli, hata nusu, ningelia peke yangu tukaachana kimya kimya.

"Alo?"

"Ni mimi. Hivi huko Costa Rica kuna bahari?"

"Bahari ipi, Shakira? Ni milima na matope, kama Gitarama tu. Tutalala mabwenini."

"Na wanawake wapo katika hiyo staji?"

"Oya, hapana! Wanaume watupu. Mbona maswali?"

"Nakuwazia tu. Ijumaa si ndiyo dua yako ya safari? Uvae lile shati la posa. Baba mkubwa analipenda."

"Nitalivaa, mpenzi. Nimelifua leo, liko kambani."

Shati lenyewe lilikuwa begani mwangu.

"Haya. Lisije likaibiwa," nikasema, nikakata simu. Mukantwari akaniuliza nani amekufa.

Kwetu msafiri wa mbali haondoki hivi hivi. Ndugu wanaketi mkekani, mkubwa wa familia anainua mikono, anamtaja msafiri na anachokwenda kutafuta, na wote wanaitikia amina. Ijumaa ile Mama alikaanga mandazi tangu asubuhi, akaazima vikombe kwa majirani. Yote hayo kwa ajili ya Swaibu.

Swaibu akaja na shati jeupe.

"Lile la posa liko wapi, mwanangu?" Mama akamuuliza.

"Halijakauka, Mama."

"Na jua lote hili?"

"Kitambaa chake kizito."

Akaketi, macho chini, mpole kweli kweli. Baba mkubwa akainua mikono.

"Ewe Mola wetu, mja wako Swaibu anatoka kwenda kutafuta elimu..."

"Elimu!" Nilishindwa kujizuia. "Baba mkubwa, nisamehe. Usimpelekee Mungu uongo wa mtu huyu!"

"Shakira! Una wazimu?" Mama akafoka.

Nikalitoa shati la kijani, nikalitandaza katikati ya mkeka, kati ya sahani za mandazi.

"Limekauka," nikasema.

Swaibu akalitazama.

"Umelitoa wapi?"

"Kambani."

Kabla hajapata uongo mwingine, mlango ukagongwa. Madamu Kaliza akaingia, amevua viatu, anatabasamu.

"Hodi, dada, nimekuja kujari... Nzeyimana? Unafanya nini hapa?"

"Unamjua mkwe wetu?" Mama akauliza.

"Mukwe?"

Akanitazama, akalitazama shati, akamtazama Swaibu.

"Dada. Yule muchumba wa kahawa... ni huyu?"

"Ni huyu, Madamu."

"Aliniambia hana mutu hata mumoja Kigali hii!"

"Hana mtu?" Nikasimama. "Mama yangu amekuita mwanangu, Swaibu! Umekula hapa, umeposa hapa! Wazee wenye magoti mabovu wameketi chini kukuombea, ufike salama pisini!"

"Shakira, mbabarira, nisamehe," akasema. "Ilikuwa safari tu. Nikirudi tungeoana, wallahi."

"Tu?" Madamu Kaliza akaruka. "Na mimi nilikuwa nani, rubani?"

Mtu asikudanganye, niliumia. Nilimpenda yule mwanaume. Nikachukua mkasi. Nikafumua kola uzi kwa uzi mbele ya watu wote, mpaka kile kipande cha zambarau kikabaki kiganjani mwangu. Nikamtupia shati, kola inaning'inia.

"Hiki ni changu. Hilo lililobaki ni lako. Kavae."

Hakuna aliyemfukuza. Alitoka mwenyewe.

Baba mkubwa alikuwa bado ameinua mikono.

"Dua nimeshaianza," akasema, "na siiachi katikati. Msafiri ni nani?"

Mama alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Madamu Kaliza naye alikuwa analia, wanja umemchirizika.

"Mimi niko na tiketi, Muzee," akasema polepole. "Lakini mimi ni Mukristo."

"Nimeuliza msafiri, sijauliza dini. Jina?"

"Kaliza."

"Unakwenda kutafuta nini, mwanangu?"

"Kupumzika. Kupumzika tu, Muzee."

Nikaketi kando yake, nikamshika mkono. Nje, Swaibu alikuwa bado ameinama mlangoni, anatafuta viatu vyake katika rundo la viatu vya ndugu zangu.

"Ewe Mola wetu," Baba mkubwa akaanza upya, "mja wako Kaliza anatoka kwenda kupumzika. Mfikishe salama, umrudishe salama, na umwepushe na waongo."

"Amina!" tukaitikia. Yangu niliipaza kuliko zote, nikiwa nimeugeukia mlango.