Usije Kulia

"Soma tena. Polepole, na usiruke hata neno."

Rangi aliinua simu akasoma kwa mara nyingine. Shangazi yake alikuwa ameacha kumenya viazi, kisu kimebaki hewani.

"'Kesho asubuhi nitakusubiri juu, kwenye mnara. Nina neno zito. Ila tafadhali, usije kulia.'"

"Basi?"

"Basi. Hata ule moyo mwekundu anaouweka siku zote, leo hakuna."

Shangazi alishusha pumzi ndefu.

"Mwanangu, mwanamume akikwambia usije kulia, ujue kilio ameshakipika, bado kukupakulia tu."

"Pengine ni jambo jingine, Shangazi."

"Jambo gani? Dalili ya mvua ni mawingu. Hii nyumba ya wageni ni yangu, na chumba chake nakifagia mimi mwenyewe. Leo nimekuta begi limefungwa, kabati halina shati. Na boti inaondoka kesho jioni. Haya, jumlisha."

Rangi hakutaka kujumlisha. Aligeukia dirisha, akajifanya anatazama gati.

Jina la Rangi alipewa kwa sababu ya kazi. Ndiye aliyepaka alama za njia za miguu kisiwani humo, mishale midogo kwenye mawe na vigogo ili watembezi wasipotee. Nyekundu kwa njia ya msituni, njano kwa njia ya ufukweni, nyeupe kwa ile inayozunguka ghuba ndogo. Naye huyo mwenye begi alikuja mvua zilipokatika, ametumwa achore ramani ya njia hizo. Watu wakamwita Ramani, jina likamkaa.

Rangi ndiye aliyemtembeza. Walipita kwenye mivinje, mahali ambapo majani makavu yanameza kishindo cha mguu hata mtu akadhani anaelea. Walizunguka ghuba maji yakiwa yamekupwa. Walifika kwenye kona ile ambapo bahari husikika kabla haijaonekana, wakasimama kuisikiliza. Yeye akipima miteremko, Rangi akihuisha mishale iliyofifia. Katikati ya kazi hizo mbili wakaanza kushikana mikono, kila mmoja akidai ni kwa sababu ya utelezi, hata kwenye njia kavu kama mkate wa jana.

Lakini siku za karibuni Ramani alikuwa akipotea kila mchana.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazi ya ramani, mpenzi."

Kazi gani, na ramani ilishakwisha? Rangi aliiona kwa macho yake. Na mbona alirudi na matope mpaka magotini, na kitu cha buluu chini ya kucha? Katika njia zote za kisiwa hakuna hata moja yenye alama ya buluu.

"Utamjibu nini?" shangazi aliuliza.

Rangi aliandika neno moja: "Nimekuelewa."

Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Alishawahi kuachwa na mtu wa kuja na boti, akalia palepale gatini mbele ya kisiwa kizima, na wapo waliomwigiza mwaka mzima. Tangu hapo alijiapiza kwamba akiona dalili za kuachwa, ataacha yeye kwanza, tena kwa macho makavu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekilalia kisiwa. Rangi alipanda taratibu, brashi yake mfukoni kama kawaida, mpaka akafika kwenye panda, ambapo njia mbili za kupanda mnarani huachana. Kulia ni njia ya msituni. Kushoto ni njia ya majabali, ile nzuri kuliko zote, ambayo udongo uliporomoka mvua iliyopita ikafungwa. Kibao cha "Njia imefungwa" alikitundika yeye mwenyewe, na siku hiyo hiyo alinung'unika mpaka jioni, maana aliipenda mno.

Sasa alitembea ameinua kichwa, anatazama juu ili machozi yasipate njia. Laiti angegeuza shingo kidogo tu, hadithi hii ingekuwa fupi. Akashika kulia.

Msitu ulikuwa mweupe, umetulia kama nyumba ambayo watu bado wamelala. Kila kona ilikuwa na kumbukumbu yake. Hapa Ramani alimtoa mwiba kidoleni. Pale walijikinga mvua, mvua ikakatika, wakaendelea kujikinga. Rangi alijikaza kisabuni. Alirudia maneno yake kimoyomoyo: nakuacha mimi, nenda salama.

Juu kwenye mnara alimkuta Ramani amesimama, shati limepigwa pasi, amempa mgongo. Alikuwa anachungulia upande wa majabali kama mtu anayengoja mgeni.

"Ramani."

Akaruka.

"Rangi! Umetokea wapi?"

"Si hapa nilipotokea?"

"Yaani... kulia?"

"Silii."

"Sijasema unalia! Nasema umekuja kulia!"

"Sikuja kulia! Nitazame macho, makavu haya. Umenikataza nisilie, na silii. Hilo neno lako zito baki nalo, langu linatangulia. Nakuacha mimi. Panda boti yako, nenda salama."

Ramani alimsogelea.

"Boti gani?"

"Usinifanye mtoto. Begi umefunga."

"Nahama chumba, Rangi! Nitaishije kwenye nyumba ya wageni na mimi si mgeni tena? Mkuu wa ofisi ya njia amenipa kazi ya kudumu. Nimepata kile chumba cha juu, pale ofisini kwenu."

"Na... na neno zito?"

"Toa simu. Soma nilichoandika."

Rangi alisoma, sauti ikianza kumpotea.

"'Usije kulia.'"

"Pale kwenye panda, njia ya msituni iko upande gani?"

Ukungu ulipita katikati yao.

"Kulia," Rangi alisema, akakaa kwenye ngazi ya mnara. "Mwanamume wewe! Si ungeandika tu 'njoo kushoto'?"

"Ungenijibu njia imefungwa, utavunjika shingo, una wazimu. Tungebishana mpaka kuche. Nikasema nikukataze ya kulia tu. Ukifika pale utaona kibao hakipo, utajiongeza."

"Kibao changu kakiondoa nani?"

"Mimi. Njia niliifungua mimi. Unadhani mchana nilikuwa napotelea wapi?"

Kisha utani ukamtoka usoni.

"Lakini umeshaniacha, Rangi. Umetamka mwenyewe. Ilikuwa rahisi hivyo?"

"Nimelala macho usiku kucha nikijifunza kulitamka. Ningekuacha kabla hujaniacha, basi. Niliogopa."

"Sasa shuka na mimi kwa upande huu. Ukifika chini ndipo useme kama umeniacha au hukuniacha. Nitakubali lolote."

Akampa mkono. Walishuka.

Njia ilikuwa imefufuka. Palipomomonyoka palipangwa mawe, palipokuwa na mteremko mkali palichongwa ngazi za udongo. Chini yao bahari ilisikika ikipumua ndani ya ukungu. Hatua chache tu, Rangi akakutana na jiwe kubwa limepakwa maandishi ya buluu:

NIKUOE?

Alishika mdomo.

"Ramani..."

"Usijibu! Hilo lilikuwa la mwisho. Ungepanda huku ungelifikia ukiwa umeshalainika. Sasa umelianza nyuma mbele."

Jiwe lililofuata liliandikwa KWAKO. Lililofuata, ZINARUDI. Herufi zilikuwa zimepinda, rangi imechuruzika.

"Hata mwandiko wako una mteremko," Rangi alisema, akacheka.

ZOTE. Kisha, kwenye kona, NJIA. Ukungu ukaanza kufunguka, na bahari ikatokea yote kwa mara moja, pana, bila chombo hata kimoja. Wote wawili walisimama. Hakuna aliyedai utelezi.

Chini kabisa, karibu na panda, lilikuwapo jiwe la kwanza. RANGI. Kando yake mkebe wa rangi ya buluu, imebaki kidogo.

Rangi aligeuka akatazama juu alikotoka, akayapanga maneno kimyakimya yakae yalivyokusudiwa. Rangi, njia zote zinarudi kwako. Nikuoe?

Alitoa brashi mfukoni, akapiga magoti, akachovya. Chini ya jina lake akachora mshale unaoelekea juu, mzuri, ulionyooka, wa mtu anayejua kazi yake. Pembeni ya mshale akaandika: NDIYO.

"Unalia?" Ramani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niache. Ulinikataza kuja kulia. Kushuka hukusema."

Simu ikaita. Alikuwa shangazi.

"Mwanangu, umeshamaliza naye? Hili begi lake nilitupe nje?"

"Usilitupe, Shangazi. Analihamisha."

"Mbona sauti imekwama? Unalia?"

"Nalia, Shangazi."

"Si nilikwambia! Yule mshenzi..."

"Shangazi, ameniomba anioe. Njoo uone mwenyewe."

Kitu kikaanguka jikoni kwa shangazi, sufuria bila shaka.

"Nakuja! Nakuja sasa hivi! Napita wapi?"

"Ukifika pale kwenye panda utatuona. Tutakupandisha kwa majabali. Ila tafadhali, usije..."

Rangi alijizuia. Alimtazama Ramani, Ramani akatikisa kichwa.

"Usishike njia ya msituni, Shangazi. Hayo mengine, njoo nayo."