Tindo ya Ruffin

Mwezi wa saba, hapa mtaani Kapata penye migodi, halidondoki hata tone la mvua, na vumbi huingia mpaka ndani ya sufuria. Sasa tuulizane: harufu ya udongo uliolowa ilitoka wapi, sebuleni mwa Tata Kabongo, saa sita mchana, milango yote imefungwa?

Kabongo alikuwa fundi mitambo mstaafu, na raha yake ilikuwa moja: masanduku ya vyuma vya kuunganisha, vile vibati vyenye matundu na skrubu na nati zake, aliyoyatafuta kwenye vitu vya mitumba huko Dilala. Alishaunda lori, akaunda kreni. Majirani walimcheka kwamba uzee umemrudisha utotoni, naye wala hakujali. Safari hii aliunda mnara wa mgodi, wenye kamba, mpini wa kuzungusha na kizimba kidogo cha kushushia watu. Ekseli tu, chuma cha kuzungushia kamba, ndiyo iliyokosekana sandukuni.

Nyuma ya mlango wa chumba cha mwanawe Gradi akaona tindo, chuma kigumu cha kuvunjia mawe, akaichukua bila kuuliza. Siku tatu aliikata na kuipiga tupa hadi ikawa ekseli. Na kwa kuwa fundi hatupi chuma, mkia uliobaki akaufanya komeo la mlango ule ule wa Gradi.

Masikini, hakujua. Tindo ile ilikuwa ya Ruffin, rafiki wa Gradi aliyekuwa akichimba naye kobalti, ambaye udongo ulimfukia miezi miwili nyuma na maiti yake haikutoka. Kwa wachimbaji, chombo cha aliyebaki chini hakiingii nyumbani. Hurudishwa shimoni kabla jua halijazama. Gradi alishindwa kuitupa kwa uchungu, akaificha. Alipoiona mnarani akaona haya kusema.

Siku ile ya harufu, mpini wa mnara ukazunguka wenyewe, polepole. Kizimba kikashuka kupita ukingo wa meza, kikatulia, kisha kikapanda kimejaa tope jekundu. Kabongo akalifuta, akajiambia kamba imelegea, na moyo wake ulijua anajidanganya. Kesho yake, saa ile ile, mpini ukazunguka tena, na kizimba kikakawia sana chini, na kamba ikatetemeka kama imeshika mzigo wa mtu mzima, na kilipopanda kilibeba kifungo cheupe chenye uzi wa bluu, uzi ambao mkewe Fidélie alikuwa ameushona alfajiri kwenye shati ambalo Gradi alilivaa kwenda shimoni. Mzee akakaa mlangoni kungoja, kifungo mkononi. Gradi ndiye mtoto wake wa pekee.

Jioni Gradi alirudi mzima, shati wazi kifuani.

"Papa," alinong'ona, "kuko mutu alinivuta shati mule mu shimo. Na nilikuwa mi peke."

Ndipo akaeleza habari ya tindo. Asubuhi Fidélie alimwita Tata Kalonji, mchimbaji mkongwe anayezungumza na waliobaki chini. Kalonji alikataa hata kukaa.

"Ruffin anataka kupanda," alisema kwa sauti ya chini. "Akikosa njia, atashusha mwenzake. Mumurudishie chuma yake, yote. Kipande kimoja kikibakia mu nyumba, tumefanya kazi ya bure."

"Yote ni hii, Tata," Kabongo alijibu, akimpa ekseli. Alisema akiamini.

Wakaenda watatu shimoni, Kabongo, Gradi na Kalonji. Mkongwe akamwita Ruffin kwa jina la baba yake, akamwomba radhi, akaiachia ekseli iende. Hakukusikika kitu. Njiani kurudi Kabongo alilia kwa furaha bila kuficha machozi.

Walifika jua lingali juu. Gradi alisema amechoka, akaingia chumbani kulala. Fidélie aliwasha mbabula, jiko la mkaa, uani, na Kabongo akaanza kuubomoa mnara, nati moja moja, aurudishe sandukuni.

Harufu ya udongo uliolowa ikamjia puani. Kisha akasikia chuma kikiteleza juu ya chuma, taratibu, mlangoni kwa mwanawe, na mikono yake ikakumbuka kabla ya akili: ule mkia wa tindo.

"Gradi, ni weye unafunga?"

"Hapana, Papa. Mi niko mu kitanda."

Kabongo akaurukia mlango, akausukuma kwa bega, na komeo lake la kifundi halikutikisika. Ndani tindo ikaanza kugonga jiwe, ngo, ngo, ngo. Gradi akaita, na safari hii sauti ilitoka chini ya saruji, pale pale Kabongo aliposimama.