Oji ya Baba Nkiru

Wewe unayesoma hapa, ulipita kwenye lango la Baba Nkiru ukageuza uso. Usiniambie ulikuwa na haraka. Mukurweini nzima ilijua kwamba mama yake amefariki kwao Nigeria, na Mukurweini nzima ikapita ikitazama migomba kana kwamba haijawahi kuiona.

Jioni hizo Nkiru alirudi kutoka shuleni, akachota maji, akafagia baraza, kisha akampangia baba yake viti. Baba huyo, Okwudili, aliuza vipuri vya pikipiki sokoni. Alikuwa Mwigbo. Kwao, mgeni haanzi na chai, anaanza na oji, yaani mbegu chungu za kola, juu ya sahani ya mbao. Aliye mkubwa kwa umri huiinua na kuomba, kisha humegwa, kila mtu akapata kipande. Mwenyeji haili peke yake.

Okwudili alitaka jambo moja tu: mzee aketi pale, aiombee oji kwa ajili ya mama ambaye hakuwahi kumzika.

Viti vilibaki vitupu.

"Mama, babu yake Kihara wa darasani kwetu alipokufa, si boma lilijaa watu kila jioni?" Nkiru aliuliza.

"Watakuja," alijibu Wakiuru, mama yake, bila kuinua macho kutoka kwa sufuria.

Lakini Nkiru alijua kwa nini hawaji. Siku msiba ulipotangazwa, Kihara alimpigia kelele darasani: "Ati babako anakula uchawi kwa sahani?" Darasa likaangua kicheko. Nkiru angeweza kueleza. Badala yake alisema, "Hata mimi naogopa hizo vitu. Mama hagusi. Baba huongea nazo akiwa peke yake." Ulikuwa uongo mtupu. Kufikia jioni ulikuwa umeingia kila jikoni.

Sasa alimwona baba yake akichukua oji moja, akainusa, akairudisha.

"Inanukia sanduku la mama," Okwudili alisema. "Unajua, Nkiru, udongo wa kwetu ni mwekundu kama huu. Nikiinama kufunga kamba za viatu, kwa muda kidogo niko nyumbani. Halafu nainua kichwa."

Nkiru hakuweza kukaa tena. Alikimbia hadi shamba la jirani, ambako mzee Kingori alikuwa akikamua ng'ombe.

"Guka, nilidanganya," alisema; watoto wote walimwita hivyo, yaani babu.

"Sema haraka, huyu ng'ombe ana mateke."

Alisema yote huku analia. Kingori akaweka ndoo chini.

"Yaani mimi nimejifungia na pole yangu nikiogopa mbegu? Na kofia ya kuja kwenu nilikuwa nimeshavaa!"

"Nisamehe, Guka."

"Utaenda kumwambia babako mwenyewe. Twende," alisema, akainua ndoo ya maziwa.

Okwudili aliposikia hodi, alisimama kwa kishindo hata kiti kikaanguka. Alileta sahani kwa mikono miwili. Kingori akanyoosha mkono wa kushoto.

"Wa kulia, Guka!" Nkiru alinong'ona.

"Wa kulia umeshika maziwa, mtoto! Haya, shika."

"Omba wewe, Mzee," Okwudili alisema. "Ndiwe mkubwa hapa."

"Mimi? Na lugha yenu sijui."

"Omba kwa yako."

Kingori alivua kofia, akageukia upande wa Mlima Kenya uliofunikwa na mawingu, akamwombea kwa Kikuyu mama asiyemjua. Kila alipotua, Wakiuru aliitikia amina ya Kikuyu, "Thaai!" Okwudili akaitikia kama kwao, "Ise!" Mara ya mwisho sauti yake ilikatika.

Kisha wakatafuna. "Ngai! Ni chungu kuliko dawa ya minyoo!" Kingori alifoka, na Okwudili akacheka huku machozi yakimtoka.

Hapo Nkiru akapiga magoti, akakiri. Baba yake aliweka sahani chini.

"Kunikana mimi ningestahimili," alisema. "Lakini ulimfungia mama yangu mlango. Kesho utawaambia wenzako ukweli."

"Nitawaambia, Papa."

Kingori alijipangusa mdomo. "Nisikilize, mtoto. Wazungu walipotufungia vijijini kwa waya enzi za Mau Mau, wazee wetu waliitwa wachawi kwa sababu ya viapo vyao. Waliosema hivyo hawakuwa wameuliza lolote. Mama yangu alikufa na jina hilo. Leo sisi wenyewe tunamfanyia mwenzetu vivyo hivyo! Uongo wa mtoto ulianza, lakini ni sisi watu wazima tuliouamini, kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko kubisha hodi. Usiseme uongo ili upendwe. Na desturi usiyoijua, uliza mwenyewe."

Wewe je? Yupo mfiwa karibu nawe ambaye hujampa pole kwa sababu anaomba tofauti na nyinyi. Unamjua kwa jina. Funga kitabu hiki. Inuka, nenda kwake sasa hivi, uketi, na ukipewa, ule.