Nimechoka Kukutafsiri

"Godeliva, mwambie huyo Mwarabu wako azime spika!"

Ilikuwa sauti ya baba yake, mzee Nestori, kwenye simu. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele.

"Kuna nini tena, baba?"

"Anapita na gari anatangaza tujiandae kuhama! Jirani ameshafunga magodoro. Watu wanauliza tunapelekwa wapi safari hii."

Godeliva alikaa chini palepale uwanjani, kando ya skrini iliyokuwa haijajazwa upepo. Mungu wangu! Miaka minne amembembeleza Humaidi aje Ulyankulu kujitambulisha kwa wazazi, na siku aliyokubali ndiyo hii.

Walifanya kazi pamoja kwenye shirika dogo lililozunguka kuanzia Tura mpaka huku, likionyesha filamu za tahadhari za mafuriko na radi kwenye skrini kubwa kama ukuta wa kanisa. Humaidi alikuwa fundi wa mitambo. Godeliva alikuwa sauti: picha ikipita, anaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi ili wazee nao wapate. Kwao Humaidi ni Gongoni, mjini, kwenye ukoo wa wenye maduka, na mama yake, Bi Khole, hakuwa hata anajua kama kuna mtu anaitwa Godeliva.

Akampigia Humaidi.

"Humaidi, umesema nini kwenye spika?"

"Kilichoandikwa. 'Wakazi wa mabondeni, jiandaeni kuhama mapema.' Si ndiyo maneno ya mwanzo ya filamu?"

"Na ukasema ni filamu?"

"Nilisema mwishoni. Labda gari lilikuwa limeshapita."

"Hapa ni Ulyankulu, Humaidi! Watu wa hapa walikimbia kwao Burundi mwaka sabini na mbili. Neno hilo hulitupi barabarani kama unatangaza sabuni!"

"Sikujua, jamani. Usinifokee, nimechoka."

"Nani hajachoka?"

Giza lilipoingia uwanja ulikuwa umejaa, na wengine walikuja na mizigo kichwani. Mzee Nestori akaenda moja kwa moja mbele ya mwanga wa projekta, kivuli chake kikajaa skrini nzima.

"Shikamoo, mzee," Humaidi akasema.

"Marahaba."

Kisha mzee akaingia kwenye Kirundi. Akikasirika huwa hana lugha nyingine.

"Anasemaje?" Humaidi akanong'ona.

"Anasema aliingia hapa akiwa mgongoni kwa mama yake, na hahami tena. Halafu anauliza..." Godeliva akamgeukia. "Anauliza wewe umekuja kuwahamisha, au ndiye yule kijana aliyeambiwa anakuja kumwona?"

Humaidi akatazama watu. Akamtazama dereva wao, jirani wa Bi Khole, mtu asiyelala na habari tumboni, ameegemea gari masikio wazi.

"Mwambie nimekuja kikazi tu," akasema chinichini. "Hayo mengine baadaye. Wewe unajua namna ya kumweka sawa."

Kweli alijua. Krismasi ile Humaidi hakutokea, Godeliva akasema ana malaria. Bibi yake alipozikwa, akasema treni imekwama. Kila kisingizio cha yule kijana kilifika nyumbani kikiwa salamu nyingi na upendo mwingi. Leo alijitafuta moyoni, akakuta uongo umekwisha.

Akainua kipaza sauti, akasema kwa Kirundi kile alichoambiwa.

Wanawake wakaguna. Mzee Nestori akajibu kwa Kiswahili, asihitaji mkalimani.

"Basi afanye kazi yake aondoke."

Humaidi akamvuta Godeliva kando.

"Umewaambia nini?"

"Ulichosema."

"Vilevile?"

"Neno kwa neno."

"Si ungelainisha kidogo, Godi!"

"Nimechoka kukutafsiri, Humaidi. Kwa baba, kwa mama, mpaka kwangu mimi mwenyewe. Unasema kitu kimoja, mimi nasikia kingine, miaka minne yote. Washa filamu."

Akawaeleza watu kwamba hakuna anayehamishwa, lile lilikuwa tangazo la sinema. Wakacheka kwa aibu, wakakalia mizigo yao. Maji ya kahawia yakafunika skrini, paa la nyumba likielea na kuku wake juu.

"Mto ukibadilika rangi, usingoje," Godeliva alieleza. "Beba watoto, panda juu."

Sauti haikutetemeka. Machozi yalimtoka, lakini gizani nani angeyaona?

Simu ikatetemeka. Meseji ya Humaidi: *Nisamehe. Nimekosea.*

Akajibu: *Sitaki meseji. Baba yuko pale.*

Filamu ilipokwisha, watu wakaanza kutawanyika. Mzee Nestori alikuwa bado amekaa. Humaidi akaja, akakaa chini kwenye vumbi mbele yake, akaweka simu spika na kupiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Ulyankulu."

"Haya. Kazi njema."

"Sijaja kikazi, mama. Nimekuja kuposa."

Dereva akaacha kukunja waya.

"Kuposa nani?"

"Anaitwa Godeliva. Miaka minne nimekuficha. Na jioni hii nimemkana mbele ya baba yake na kijiji kizima, kwa kukuogopa wewe. Naona aibu, mama."

Mzee akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Ni Mkristo?"

"Mkatoliki."

"Na huyo baba yake anasikia haya?"

"Yuko mbele yangu."

"Mpumbavu mkubwa! Unaposa kwa simu, mkono mtupu, bila hata mjomba mmoja? Unatuvua nguo ukoo mzima! Mpe mzee simu nimwombe radhi. Hayo ya dini nitakuja kuyasema mwenyewe, na nina mengi."

Mzee Nestori akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama Humaidi, habari za Gongoni?"

"Si nzuri, kaka yangu. Nimezaa mwoga."

"Njoo, dada. Njoo na wajomba zake, tukae tuongee. Nami nina mengi."

Humaidi akainuka, suruali imejaa vumbi, akamfuata Godeliva alikokuwa anafungua kamba za skrini.

"Godi."

"Nini?"

"Umenisamehe?"

Upepo ulikuwa unatoka kwenye skrini taratibu. Godeliva akamtazama, macho mazito ya usingizi.

"Bado," akasema. "Shika kamba ile, tumalize. Halafu twende nyumbani ukale."