Matangazo Yaliyogandana

Kila alipotoka shule, Mtundu alipitia zahanati anakofanya kazi shangazi yake, muuguzi. Jina hilo la utani binti huyu alilipata kwa kuchokonoa kila kifaa chenye waya. Siku moja shangazi alimwomba aandike programu ya kuonyesha matangazo kwenye skrini ya ukumbi wa kusubiri.

"Ila kompyuta yetu inatumia lugha nyingine, si ile mnayofundishwa shuleni. Utaiweza?"

"Shangazi nawe! Lugha za kompyuta ni zile zile," alijigamba. Kumbe lugha hiyo hakuwahi kuigusa hata siku moja! Aliandika programu kama zile za shuleni, akabadilisha amri mbili tatu, akaondoka bila kuijaribu programu yake.

Kesho yake, Jumamosi, alifuatana na shangazi ili akavune sifa. Wagonjwa walijaa ukumbini. Skrini ikawaka:

WATOTO CHUMBA CHA KWANZAWAJAWAZITO CHUMBA CHA PILIDAWA DIRISHANI

Lo! Watu walikodoa macho wasielewe kitu. Mama mmoja, mtoto wake akiungua homa, alipanga foleni chumba cha pili. Zamu yake ilipofika akaambiwa si hapo, aanze upya kwingine. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Muuguzi, si ulinihakikishia kazi hii imekamilika?" daktari alifoka.

Mtundu aliitazama kompyuta. Angeweza kusingizia kuwa kompyuta ni mbovu, nani angejua? Lakini alipomwona shangazi ameinamisha kichwa, machozi yalimlengalenga.

"Daktari, kosa ni langu. Lugha hii siijui. Nilidanganya."

Shangazi alimwingiza kwanza yule mtoto kwa daktari, kisha akampigia simu mwalimu wa kompyuta wa shuleni kwa Mtundu, akampa Mtundu azungumze naye.

"Pole, binti yangu," mwalimu alisema. "Lugha ya shuleni ikishaandika, hushuka mstari mpya yenyewe. Hiyo ya hapo hubaki palepale mpaka uiamuru ishuke. Weka alama ya mstari mpya mwishoni mwa kila tangazo, halafu ujaribu."

Mtundu akaweka, akajaribu. Kila tangazo likakaa kwenye mstari wake. Wagonjwa wakaanza kwenda panapowahusu.

"Hongera," shangazi alisema, akimshika bega. "Kutojua si aibu, mwanangu. Ungesema 'sijui' jana, tungempigia mwalimu jana. Uongo umesema wewe, aliyeumia ni yule mtoto. Haya, nenda kamwombe radhi mama yake."

Mtundu alijifuta machozi, akaenda.